Matanga ya Golikipa

Nilimzika mtu mwenye afya njema kwa sababu sikutaka kuvaa viatu. Duka la kuuzia kaseti tupu lilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua arobaini kutoka mlango wetu pale Etterbeek, Brussels. Nilikuwa nimezihesabu kutoka dirishani. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, shofaji ya kupasha nyumba joto ilikuwa inawaka, na miguu yangu ilikuwa imetulia ndani ya pantufle, ndara laini za nyumbani. Basi nikachukua kaseti ya zamani, nikarekodi juu yake. Katikati nikakohoa, na kaseti nyingine ya kuanzia haikuwepo. Nikarudisha nyuma ili nianze kilio upya, nikapitiliza, nikafuta maneno manne ya mwanzo. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Hii ni ya mupira."

Bila maneno hayo manne, kilichobaki kwenye kaseti kilikuwa ni wanaume kumi wakilia kifo cha mwenzao, na sauti yangu juu ya zote ikitangaza.

Mimi ni mtu wa Bukavu, na Bukavu ya ujana wangu ilikuwa na koleji mbili za wavulana zilizochukiana kama wake wenza. Yetu ilikuwa juu ya kilima, kwa mapadri. Yao ilikuwa chini, karibu na ziwa, kwa mafrere, yaani mabruda. Sisi tuliwaita sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani wanaokaangwa kwa mafungu na kuliwa pamoja na vichwa. Wao walituita mbuzi. Kila mwaka kulikuwa na mechi moja, na aliyeshindwa hakurudi nyumbani kimyakimya: aliyeshinda alimfanyia matanga. Tulibeba jeneza la katoni mpaka kwenye geti lao, tumelivisha jezi ya rangi yao, tukaketi chini barabarani, kisha mliaji akasoma tangazo la kifo kama lile la redio: marehemu ni mwana wa nani, ameacha nani, amefia wapi, saa ngapi. Waliofungwa walilazimika kusikiliza mpaka mwisho. Anayetoka kabla ya mwisho alihesabiwa maiti wa pili.

Mliaji wa koleji yetu alikuwa mimi. Usidhani nilichaguliwa kwa kipaji. Nilikuwa na nyayo bapa na pumzi ya kuku. Padri wa michezo alinitazama nikizunguka uwanja mara moja, akafunga daftari lake, akasema, "Bon, wewe utaimba." Nikaimba, na kutoka kuimba nikaingia kulia. Diploma ya sekondari niliipata mara ya pili, kwa huruma ya mkaguzi. Lakini kulia nilifaulu mara ya kwanza.

Mwaka wetu wa mwisho ulituachia kidonda. Zilikuwa dakika za mwisho, hakuna aliyefunga. Kapteni wetu alipiga kichwa, mpira ukagonga mlingoti upande wa ndani, ukadunda chini, golikipa wao akaukumbatia kama mtoto. Ulipita mstari? Sisi tulikuwa tayari tunacheza ngoma. Mwamuzi alikuwa frère mzee, yuko mbali, na miwani yake iko mfukoni. Golikipa akasimama, akainua mkono wenye matope, akaapa mbele ya umati wote: "Haki ya mama yangu aliyenizaa, haukupita!"

Frère akakubali. Kiapo cha mama, nani angekikataa? Wakatufunga kwa penalti, wakatuletea jeneza. Nilisikiliza mliaji wao mpaka mwisho, na nakuambia ukweli, alikuwa hovyo.

Miaka ikapita, maisha yakatutupa mmoja mmoja mpaka Brussels: mwingine kwa masomo, mwingine kwa ndoa, mwingine kwa kukimbia. Miaka ya tisini ilipofika tulikuwa tumetosha timu mbili. Kapteni wetu alikaa Berchem-Sainte-Agathe na aliendesha lori la mikate. Golikipa wao alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, Woluwe. Tulikuwa watu wenye vitambi na viza, tungeweza kusameheana. Badala yake tukatafuta uwanja. Kila Jumatatu ya Pentekoste, kule Berchem, mbuzi walicheza na sambaza, na mwenye kushinda alifanya matanga kama zamani. Jeneza letu sasa lilikuwa katoni ya friji.

Mimi hata uwanjani sikwenda. Tramu mbili kisha kutembea, kwa ajili ya nini? Nilibaki nyumbani kupika. Wenzangu waliposhinda walikuja kwangu, kapteni akanisimulia mechi, nami nikalia kana kwamba nilikuwepo. Tulirekodi kilio chote kwenye kaseti, tukampa msafiri apeleke Bukavu kwa dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa na mashine ya kaseti uani kwake. Wenzetu waliobaki kule walikuja kusikiliza na kucheka.

Chini yangu alikaa maman mmoja wa Lubumbashi, mwenye kazi ya kutunza wazee majumbani. Aliniita Papa Pantufle. Mara ya kwanza aliposikia kilio chetu alipanda ngazi na thermosi ya chai na kitenge kichwani, machozi yako tayari. Tulipomweleza kwamba marehemu ni timu ya mpira, alituangalia mmoja baada ya mwingine.

"Batu ya Bukavu," alisema, "muko na bichwa ya namna gani?"

Akashuka na thermosi yake. Lile lingekuwa onyo la kutosha kwa mtu mwenye akili.

Mwaka ninaousema, tulishinda un-zéro, moja bila. Kapteni aliingia kwangu akiwa bado na njumu miguuni, akanionyesha goli lenyewe kwa chungwa, katikati ya sebule. "Mupira ulikuwa unatembea polepole, unasikia? Polepole kama maman ya mimba. Golikipa anafungua miguu, anaupatia njia, anausalimia!"

"Na mulimwambia nini?"

"Tulimwambia: endelea kusukuma bitanda, mon cher, kitanda hakipitake katikati ya miguu!"

Tulicheka mpaka maman wa chini akagonga dari lake kwa ufagio. Tukaamua mwaka huo hatuziki timu, tunamzika golikipa mwenyewe. Nikaketi sakafuni. Nikataja jina lake lote, la baba yake, la mama yake, na mtaa alikozaliwa. Nikasema amefariki hospitalini Woluwe saa kumi kasoro dakika kumi, dakika ile ile ya goli. Wenzangu walitaka niseme amekufa kwa ugonjwa wa miguu kuachana. Nikakataa. Mchekeshaji anachekesha, nikawaambia, mliaji analiza. Nikasema tu: "Kifo cha ghafla." Nyuma yangu watu wazima kumi wakapiga mayowe. Kisha nikakohoa, na mengine unayajua.

Kaseti ilisafiri na maman mmoja mchuuzi aliyekuwa akienda na kurudi. Baada ya wiki sita nikapata barua ya dada. Nayo ilisema hivi:

"Mudogo wangu, kaseti yako tuliifungua Jumapili nyuma ya misa, wenzako hawajafika, na haikusema ni ya mupira kama zile zingine. Mama ya golikipa alikuwa amekaa mbele. Kila kaseti ya Bulaya anakuyaka, anasema labda mutoto wake atamusalimia. Alisikia jina lake mwenyewe, akatabasamu. Nyuma ya jina akasikia zile zingine za kifo. Amenyoa nywele, amekaa chini, misa ilisomwa. Siku ya tano mwalimu mumoja wa koleji yenu alikuya akanielezea ni muchezo. Nilikimbia kwa mama. Anasema ninamutuliza tu. Barua hataki, anasema barua muntu yeyote anaandika. Anasema hivi: ile sauti iliyomulilia mutoto wangu, njo iseme hakufa, na mutoto aongee pembeni yake nisikie. Fanya haraka. Hakule, chakula anakirudisha."

Nitasema kitu ambacho sijawahi kukisema. Jambo la kwanza lililoniingia kichwani baada ya kusoma barua ile halikuwa huruma. Nilijiambia: kumbe nalia vizuri hivyo.

Nilimpigia golikipa simu. Alianza kwa kucheka, akafikiri ni utani mwingine wa mbuzi. Nikamsomea barua. Kisha akauliza maman mchuuzi anaondoka lini tena. Bahati, au mkosi, ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Angekaa kwenye duka moja la Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kupokea vifurushi mpaka seize heures, halafu kiwanja cha ndege. Simu ya nyumbani kwao haikuwepo, posta ilikuwa imekufa zamani. Njia ilikuwa moja: sauti yake na yangu kwenye kaseti moja, mkononi mwa maman yule, kabla ya saa kumi.

Alifika saa nane na nusu, bado amevaa nguo nyeupe za kazi chini ya koti. Safari hii kaseti mpya alileta mwenyewe; alinijua. Mezani alimkuta kapteni, ambaye alikuwa amekuja kula sombe, majani ya muhogo, kwangu kama kila Jumamosi, na ambaye nilikuwa nimeshamweleza yote.

"Karibu, marehemu," kapteni alisema. "Utakula, ao unakulaka ubani tu?"

Golikipa alivuta kiti, akaweka kaseti juu ya mashine. "Tuanze. Weye utasema ulidanganya, miye nitamusalimia mama. Deux minutes."

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika mbili kweli. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole kwenye kitufe. Kapteni akakishika kidole changu.

"Doucement. Anataka tumufufue. Bon. Yesu alimufufua Lazaro, lakini Lazaro hakukuwa na deni ya goli. Aseme kwanza: mupira uliingia."

"Papa, mama yangu hakule," golikipa akasema.

"Njo maana usikawiye. Maneno mbili. Mupira uliingia."

Golikipa akanigeukia mimi. Sio kapteni, mimi. Nyumba ilikuwa yangu, mashine ilikuwa yangu, na sauti iliyokuwa inasubiriwa Bukavu ilikuwa yangu. Nami, mtu niliyekaa benchi maisha yangu yote, nilisikia kwa mara ya kwanza uzito wa mpira ukiwa miguuni kwangu. Ungemsikia mtu huyo wa pantufle alivyojibu!

"Sema tu, golikipa," nikamwambia. "Ni kwa ajili ya historia."

"Niliapa kwa jina lake. Naye njo atasikia hii kaseti."

"Atafurahi," kapteni akasema. "Atajua ni weye kweli. Mufu hatubu."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasoro. Golikipa alivua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeingia ofisi ya komini kuomba makaratasi. Nikabonyeza kitufe.

"Mupira uliingia," akasema.

Kapteni akapiga meza kwa furaha. Sahani zikaruka. "Sikusikia! Maman atasikia namna gani? Rudia, na useme mwaka, na useme ni nani alipiga kichwa."

Akarudia, na mwaka, na jina la aliyepiga kichwa. Mara ya tatu kapteni alimtaka aseme kwamba aliapa uongo. Akasema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Alikuwa anasoma saa juu ya kichwa changu. Sisi ndio tuliotetemeka, kwa kicheko. Kisha ikawa zamu yangu kukanusha kifo, na hapo ndipo nilipojitukuza. Nilianza: "Mama mpendwa, mimi niliyemlilia mtoto wako..." nikamwona kapteni anafuta machozi kwa kitambaa cha mezani, nikaangua kicheko. Golikipa akarudisha nyuma. Nikaanza tena, nikacheka tena. Akarudisha tena. Mara ya nne nilisema vizuri, lakini sikuridhika na mwisho wake; niliona hauna uzito. Nikataka niseme upya.

"Inatosha," golikipa akasema. "Papa, nakuomba. Inatosha."

"Kazi ni kazi," nikamwambia. "Kulia nililia vizuri, na kufufua lazima iwe vizuri."

Nikasema mara ya tano, naye akamsalimia mama yake kwa pumzi moja. Alichomoa kaseti ikiwa ni saa kumi kasoro dakika kumi. Kapteni ndiye aliyeiona saa. "Eh! Heure exacte, saa ile ile ya kifo chake!" Na hilo nalo tulilicheka.

Nilisimama dirishani kumtazama akikimbia. Miaka yote nilikuwa namjua kama mtu wa kusimama kati ya milingoti miwili. Sikujua kwamba anakimbia hivyo, koti wazi, nguo nyeupe zinapepea, watu wanampisha wakidhani kuna mgonjwa mahali. Basi lilimpita kwenye kona. Akaendelea kwa miguu.

Alirudi saa kumi na mbili kasoro, tulipokuwa tunakunywa chai. Hakuingia. Aliweka kaseti juu ya zulia la mlangoni, akasema, "Utamupatia mwenye kuenda mwingine," akashuka. Baadaye maman wa chini aliniambia kwamba alikaa kwenye ngazi, kati ya mlango wake na wangu, mpaka yeye maman akampelekea kiti. Hakukikalia.

Maman mchuuzi alitakiwa kusafiri tena mwezi wa kumi. Kabla hajafunga mizigo, vita vilifika Bukavu. Ndege hazikwenda, barua hazikwenda. Jioni sote tulikaa mbele ya televisheni kutafuta sura za watu wetu katika misururu ya barabarani, na hatukuona yeyote. Golikipa alinipigia simu mara mbili, akaniuliza kama kaseti bado ipo. Nikamwambia ipo, ndani ya droo, mahali pakavu.

Barua ya pili ya dada ilifika mwanzoni mwa mwaka uliofuata, imepitia mikono ya watu wanne. Ilikuwa fupi. Mama ya golikipa alikimbia pamoja nao kwa miguu, na kitambaa cheusi bado kichwani. Siku ya sita alikaa kando ya njia, akakataa kuinuka. Watu walimvuta. Akawaambia wasijisumbue, kwamba mtoto wake wa Bulaya ametangulia na anamngoja. Walimzika palepale, bila mliaji.

Niliipeleka habari kwa simu, kama kawaida yangu. Golikipa alisema "Merci," akakata. Misa ya mama yake ilisomwa kwenye kanisa lililo nyuma ya nyumba yetu. Maman wa chini alipanda kuniita. "Papa Pantufle, ni hapa tu, hata mvua haikufikie." Nilimwambia natafuta viatu. Alisubiri kidogo kwenye ngazi, kisha nikasikia akishuka peke yake. Viatu vilikuwa chini ya kiti, mahali pake pa siku zote.

Ungedhani Pentekoste hiyo hapakuwa na mechi. Ilikuwepo. Sambaza walikuja bila golikipa, wakamweka mtu mfupi mwenye miwani, tukawafunga trois-zéro. Wenzangu walijaa sebuleni kwangu, jeneza la katoni limesimama kona, sombe iko mezani. Nikaketi sakafuni nianze kulia, kapteni akanizuia.

"Leo hapana kulia. Weka ile kaseti."

Wengine wote walikuwa wameisikia sifa yake, hakuna aliyekuwa ameisikia yenyewe. Wakaanza kupiga makofi: "Kaseti! Kaseti!" Kapteni alikuwa barabarani na lori lake siku ya misa, na habari za barua ya pili sikumpa. Mimi nilijua. Ili kuitoa kaseti kwenye droo ilibidi kwanza niinue barua ile iliyolala juu yake. Nikaiinua, nikaiweka kando, nikaitoa kaseti. Wakati huo hakuna aliyenishika kidole.

"Mupira uliingia," sauti ikasema. Nyumba ikalipuka. "Mupira uliingia," ikasema tena, pamoja na mwaka, pamoja na jina, na kapteni akainuka akapiga tena kile kichwa cha zamani, hewani, katikati ya sebule, watu wakamkumbatia. Mara ya tatu, ile ya kiapo cha uongo, walikuwa wanaimba. Hatukusikia mlango ukigongwa. Tulimwona tu maman wa chini amesimama ndani, na koti lake la mvua, mfuko wa kazi begani, katoka kuwaogesha wazee wa watu. Hakumwangalia kapteni. Alinitafuta mimi, akanikuta sakafuni, karibu na mashine.

Akasema, "Mama ya muntu alikufa, papa, na weye hata mupira haukuchezaka."